Mbu wa Asubuhi

Mtega mbu aliingia ofisini kwa mwalimu wa binti yake amevaa koti alilolitunza kwa harusi na misiba. Mwalimu hakuumauma maneno. Tasnifu ya binti imekwama, alisema, kwa sababu takwimu za sura ya tatu ni zilezile za makala ya profesa mmoja wa ng'ambo. Chuo kinauita huo wizi, na mwizi hufukuzwa.

"Hao mbu wanaouma jua likishachomoza niliwagundua mimi, mwalimu," mzee alisema. "Kwa mguu wangu huu."

Akaeleza. Miaka kumi na tisa aliufanyia kazi mradi wa profesa huyo: anakaa kitini usiku kucha, suruali ameikunja hadi magotini, mbu akitua anamnasa kwa mrija na kuandika saa daftarini. Kazi ilikuwa inaisha alfajiri. Yeye, bila kutumwa, aliendelea kukaa, akaona mbu bado wanakuja wakati watu wameshatoka kwenye vyandarua. Takwimu hizo alizinakili nyumbani, na nakala hiyo ndiyo aliyoitumia binti. Makala ilipotoka, profesa aliwashukuru "wasaidizi wa huko". Jina hakulitaja.

Mwalimu aliigeuzageuza nakala ile aliyokuja nayo mzee. Daftari lenyewe liko ng'ambo, alisema, na mkataba aliousaini mzee unasema kila kilichoandikwa kazini ni mali ya mradi. Profesa ameandikiwa barua tatu, hajajibu hata moja.

"Mzee wangu, na mimi niliwahi kuwa mbia wa mtu kama huyo," akaongeza. "Mbia wa kubeba mizigo."

Njia ilibaki moja. Binti aandike jina la profesa chini ya kila takwimu, kwamba ameitoa kwake. Akifanya hivyo kabla ya Ijumaa, atahitimu. Asipofanya, aage.

Binti alikuwa akisubiri kwenye ukumbi mwembamba. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho, kisha akasema bora aikose hiyo shahada.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," baba alimwambia.

"Ukishaubusu, baba, wanakuletea na mguu."

Mzee alimshika bega.

"Nisikilize, mama. Ukifukuzwa leo, habari za mbu wetu watabaki kuzisema wao peke yao. Andika."

Wakaingia chumba cha kompyuta, wakakaa bega kwa bega. Mzee alikuwa akitafuta takwimu zake kwenye nakala kwa kidole, moja baada ya moja, na kumsomea binti. Binti akawa anaandika jina la profesa chini yake. Zilikuwa arobaini na tatu. Mwanzoni, kila alipoandika jina, alimgeukia baba yake kumtazama usoni. Walipofika ya ishirini na kitu, akaacha kumtazama.