Mkwaju Uliopakwa Manjano

Katika wilaya yetu nzima hakuna mwanamke aliyewahi kusimamisha tingatinga la serikali kwa mkono mmoja, isipokuwa mimi, Rakkammal. Nilinyoosha mkono, likasimama. Lilikuwa limeishiwa dizeli, na dereva alikuwa ameshashuka kwenda kunywa chai, lakini mkono niliunyoosha.

Pechi hata hakunitazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye barabara ya Madurai, kati ya matawi ya mkwaju wa kwanza kuangushwa ili barabara ipanuliwe, anaokota ukwaju mbichi. Ganda lilikuwa bado la kijani, limeng'ang'ania nyama. Ukwaju wa hivyo hauwekeki. Uutie chumvi uufukie mtungini, utaota ukungu tu. Yeye akaendelea kuujaza kwenye pindo la sari. Lori likampigia honi. Akasogea kidogo, akaokota upande wa pili.

"Utaufanyia nini?" nikamwuliza.

"Nitaula kwa macho, dada."

Pechi ni jirani yangu, mjane, na mikwaju ile ndiyo iliyokuwa shamba lake, ingawa haikuwa yake. Ilipandwa zamani na malkia mmoja ili watu waendao kwa miguu wapate kivuli. Kila msimu mavuno yake yanapigwa mnada. Anayeshinda analeta wanaume wenye mianzi ya kupiga matawi, na sisi wanawake tunaokota, tunabandua maganda, tunatoa kokwa, tunalipwa kwa ukwaju wenyewe. Mitungi ya Pechi ndiyo iliyomlisha mpaka msimu mwingine. Kazi nyingine iliyopo kwetu ni ya tanuri la matofali, na huko walishamwambia mgongo wake umechakaa. Tanuri hilo ni la shemeji yake, Mayandi, mwenyekiti wetu wa kijiji. Linachomwa kwa kuni. Na hakuna kuni ziwakazo kama za mkwaju.

Tulipigania miti ile, msidhani tulikaa. Kila Jumatatu, siku ambayo mkuu wa wilaya anasikiliza malalamiko, tulipanda basi. Karani akapokea ombi letu, akaligonga muhuri, akatupa risiti. Jumatatu iliyofuata akatupa risiti nyingine. Nikamwambia Pechi tukizishona pamoja huenda tukapata kivuli. Wakaja pia wanafunzi wa chuo kutoka mjini, wakakumbatia miti, wakapigana picha. Mmoja alikumbatia mti wenye kiota cha majimoto, wale chungu wekundu. Huyo hakurudi.

Mhandisi wa barabara alikuwa kijana mpole, ana kitambaa cha kufutia jasho shingoni.

"Bibi," alimwambia Pechi, "kwa kila mti mmoja tutapanda kumi."

"Wapi?"

"Imo kwenye mpango."

"Nami nikitaka kuokota ukwaju, niende kwenye mpango?"

Akacheka. Ni mtu wa kucheka vizuri. Kesho yake wakaangusha mitatu.

Ndipo Pechi akaja kwangu alfajiri na manjano, akaomba jiwe langu la kusagia. Sikumwuliza. Nikasaga. Kulipokucha, mkwaju mkubwa kuliko yote, ulio mbele ya vibanda vyetu, ulikuwa umepakwa manjano kiunoni, juu kabisa ya ile alama nyekundu ya kukatwa. Una nukta za unga mwekundu, una kitambaa cha njano, na chini yake limesimama jiwe lililovishwa shada la maua. Pechi amekaa kando, nywele zinachuruzika maji ya kuoga.

"Mama amenijia ndotoni," aliwaambia wapasuaji mbao, na kwetu Mama ni mungu wa kike wa kijiji. "Kasema hapa ndipo anapokaa."

Wale wakavua viatu. Msumeno ukalazwa chini kama mtoto.

Nilimvuta pembeni. "Mdogo wangu, kwa nini mmoja tu? Manjano yalibaki."

"Mungu gani anakaa miti yote, dada? Huyo si mbu?"

Kosa lilikuwa hapo, lakini ni kosa ambalo yeyote kwetu angelifanya. Mungu ana mahali pake. Miti mingine ikakatwa huku na huku, na mmoja ule ukabaki, kivuli chake kimelala barabarani peke yake. Watu wakaanza kuja. Wakaleta ndimu na bangili, wakavunja nazi. Aliyekuwa na mtoto mgonjwa akamleta, aliyekuwa na kesi akaja nayo. Mayandi mwenyewe alikuja na shati jeupe, akavunja nazi yake, akaniuliza Pechi anaendeleaje. Mtu huyo akiuliza hali yako, kahesabu mbuzi wako.

Wiki ilipoisha akarudi na mhandisi, na kuhani kutoka mjini aliyebeba mtungi wa shaba.

"Habari njema," alitangaza Mayandi. "Kampuni ya barabara itamjengea Mama yetu nyumba ya saruji nyuma ya kituo cha basi. Vigae, geti, taa. Kuhani atamwita kutoka mtini aingie kwenye maji ya mtungi, tumpeleke kwake. Mti utabaki mti tu, wa kukatwa."

Ungeona watu walivyochangamka. Wale wale waliotia dole gumba kwenye ombi letu wakaanza kugombania nani awe mweka hazina wa hekalu, na jina la nani liandikwe kwanza kwenye jiwe la marumaru. Pechi alikuwa anageuza shingo kutoka mdomo mmoja hadi mwingine.

"Na mti?" akasema. "Mama kasema hapa. Hakusema kituoni."

"Aulizwe," wazee wakasema. "Mungu wetu si wa maua matupu, aulizwe kwa mbuzi."

Kwetu hivyo ndivyo anavyoulizwa. Mbuzi anamwagiwa maji kichwani. Akijikung'uta, mungu amekubali. Asipojikung'uta, mungu amekataa, na hakuna wa kumgusa mbuzi huyo. Wakamleta beberu mweusi, wakammwagia. Akasimama. Wakammwagia tena. Akatafuna shada la maua, maji yanamtiririka ndevuni, akamtazama mhandisi.

"Inachukua muda gani?" mhandisi akauliza.

"Inategemea mbuzi, bwana," nikamjibu. "Huyu naona hataki barabara."

Watu wakacheka, na nikamwona Pechi naye anacheka, meno yake machache yote nje. Jua likapanda. Beberu akalala. Basi Mayandi akachukua kopo mwenyewe, akamwinua, akampapasa kwa upendo, akamimina maji yote ndani ya sikio. Mbuzi gani asiyejikung'uta? Alijikung'uta mpaka akamlowesha kuhani.

"Amekubali," Mayandi akasema.

"Umemtia sikioni," nikasema.

"Shangazi, kichwa cha mbuzi kinaishia wapi?"

Kuhani akafunga uzi wa kumpitisha Mama, kuanzia shinani hadi kwenye mtungi. Hapo Pechi akafungua nywele.

Alianza kuyumba kutoka kiunoni, polepole, kisha nywele zikawa zinapiga chini na kurudi. Sauti iliyomtoka ilikuwa nene, ya mtu mwenye mali. "Nani anihamishe? Nani? Nimekaa hapa kabla ya babu zenu. Kata uzi."

Kuhani akauachia uzi. Umati ukaunganisha viganja. Hata mimi, niliyesaga manjano yale, nikakuta viganja vyangu vimekutana.

Mayandi akaanguka miguuni pake. "Mama, tusamehe wanao. Tupe ishara tuwapelekee wakubwa."

Akatoa mfukoni kipande cha kafuri, ile tunayoiwasha mbele ya mungu. Alikuwa amekuja nayo. Akaiweka katikati ya kiganja cha kulia cha Pechi, akawasha kiberiti. Kila mtu wa kwetu anajua hilo tangu utotoni: aliyepandwa na mungu haungui.

Mwali ukasimama. Pechi hakukunja kidole. Hakuutazama mkono, aliutazama mti, pale juu ulipogawanyika, na jasho likamtoka juu ya mdomo tu. Tulisikia harufu ya kafuri, kisha harufu nyingine. Mwali ukapungua, ukawa wa buluu, ukazimika.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wapasuaji mbao wakabeba misumeno yao begani, wakaanza kuondoka. Mhandisi akasogea kando na simu yake, nikamsikia anasema, "Ndiyo bwana. Mmoja tu. Tunaweza kuupinda mstari kidogo." Nawaambia nilisikia kwa masikio haya.

"Mama ametuonesha," Mayandi akasema, bado kapiga magoti. "Aniruhusu niupake majivu matakatifu mkono huu mtukufu."

Pechi alikuwa ameshauficha kwenye pindo la sari, pale alipotia ule ukwaju.

"Si lazima," akasema. Kwa sauti yake mwenyewe.

Mayandi akaushika kwa kifundo. Kwa adabu, mikono miwili, kama anavyomshika mama yake akipanda basi. Akakunjua kidole kimoja, kisha cha pili. Vigelegele vikakatika, kwanza mbele, kisha nyuma. Wapasuaji mbao wakageuka. Mmoja akateremsha msumeno, akavuta kamba ya kuuwashia. Haukuwaka. Akavuta tena.

"Dada Pechi," Mayandi akasema taratibu. Hakuwa Mama tena. "Hiki nini?"

"Cha jana," Pechi akasema. "Nilishika sufuria ya wali."

Mayandi akakiinua tu kiganja juani ili wote tuone. Lengelenge lilikuwa kama kokwa ya ukwaju, kisha kama mbili, na lilikuwa bado linavimba.