Pindo la Mtumishi wa Tatu

Saa nane na robo mchana, dakika arobaini na tano kabla ya onyesho, mshonaji wa jumba la maonyesho alipiga magoti kwenye chumba cha mavazi, akahesabu vyuma katika pindo la gauni la mtumishi wa tatu. Vilikuwa kumi na viwili, vile vyuma bapa vinavyoshonwa chini ya mapazia ili yatulie. Mwimbaji aliyevaa gauni hilo alisimama juu ya kiti, akipasha sauti moto mdomo ukiwa umefumbwa.

Hesabu ilikuwa ya lazima kwa sababu mwimbaji huyo, akifika kwenye sauti za juu, alikuwa akipaa. Miaka minne nyuma alipaa kiasi cha upana wa kidole. Siku hizi alipanda hadi kitu kimzuie. Katika hoteli alikoimba kila Ijumaa jioni, akizunguka kati ya meza, dari lilikuwa na doa la mafuta ya nywele zake, na wateja wa kudumu waliwahi meza iliyokuwa chini yake. Kwenye jumba la maonyesho hali ilikuwa nyingine. Mwongozaji alimweleza kwa upole kwamba mtumishi hawezi kuwa juu ya mwajiri wake, akaagiza vyuma.

Mama yake, aliyebaki kwao, aliambiwa kwa simu.

"Umerithi kwa shangazi yako," alisema. "Aliimba kwenye harusi yangu, tukamshusha kwa ngazi. Chakula kikapoa. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Yeye bado yuko chini."

"Afadhali. Mmoja anatosha."

Katika miaka kumi na miwili ugenini, mwimbaji alikuwa amecheza watumishi tisa, muuza maua mmoja na maiti mmoja aliyeimba. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, na cha binti yake, aliyezaliwa katika mji huu na hajawahi kulala penginepo, kilitegemea chake. Kingeongezwa endapo ingethibitika kwamba kazi yake haiwezi kufanywa na raia. Alasiri hiyo afisa wa uhamiaji angekaa safu ya tano, athibitishe kwa macho yake.

"Nivitoe?" mshonaji aliuliza, mkasi mkononi.

"Mwongozaji atakukaripia, mama."

"Huyo nilimpunguzia suruali akiwa bado anabeba mapazia. Nakuuliza wewe, mwanangu. Nitoe vingapi?"

"Vyote."

Wimbo wa watumishi ulikuwa sehemu ya pili. Aliingia na sinia la vikombe, akasimama nyuma ya kochi, juu ya alama yake ya utepe wa njano, akaanza. Katika mstari wa pili miguu iliacha sakafu. Alipita mgongo wa kochi, akapita nywele za bandia za mwigizaji mkuu, akapita dirisha lililochorwa. Huko juu hewa ilikuwa vuguvugu, ikinuka vumbi lililochomwa na taa. Aliona kwamba nyumba waliyoitumikia kila siku haikuwa na paa. Sinia halikuyumba. Mwigizaji mkuu alinyoosha mkono kuchukua kikombe kama walivyofanya mazoezi, akakikosa, akanywa hivyo hivyo bila kikombe. Wapigaji ala, walipoona bado yuko juu, walirudia ubeti. Kisha alishuka taratibu kama kitambaa ndani ya maji, akakanyaga utepe wake. Watazamaji walipiga makofi ya kiasi.

Afisa alimsubiri kwenye ujia, fomu mkononi.

"Umeimba vizuri, dada. Mke wangu naye anaimba kwaya."

"Umeniona nikipaa?"

"Mita nne na nusu, kwa kukadiria." Alimwonyesha mahali alipoandika. "Lakini mkataba wako unasema: aingie na sinia, aimbe ubeti mmoja, atoke. Kupaa hakumo. Na kubeba sinia, raia wanaweza."

"Mwongozaji akiandika kwamba kumo?"

Mwongozaji alikuwa amesimama hapo hapo, akitazama viatu vyake.

"Mtumishi hapai," alisema. "Tamthilia yenyewe haina hilo."

Afisa aligonga muhuri juu ya goti lake, akashukuru, akauliza choo kiko wapi.

Mwezi ulipoisha, mwimbaji na binti yake waliondoka kwa ndege. Mtoto alipewa kiti cha dirishani. Mshonaji, kama ilivyo desturi ya kazi yake, alifumua jina la mwimbaji kwenye kola ya gauni, akashona la mtumishi wa tatu mpya. Huyu alikuwa raia, na sinia alilibeba vizuri.

Siku ya tatu ya mazoezi alirudi chumba cha mavazi akivuta mabega ya gauni.

"Mama, hili gauni linanipandisha. Tukifika mstari wa pili, visigino vyangu havigusi chini."

"Ndivyo lilivyo," mshonaji alijibu, pini zikiwa mdomoni. Alipiga magoti, akarudisha vyuma kumi na viwili kwenye pindo, akamtazama kimo, akaongeza cha kumi na tatu.