Felisa Darajani

Felisa alikuwa mwokaji mikate mjini Marawi, kusini mwa Ufilipino, Mkristo aliyepanga chumba cha chini katika nyumba ya Alhaji Casan na mkewe Omera. Kila asubuhi yeye na Alhaji walibishana jambo lile lile. Felisa alipenda kutundika bendera ya taifa mlangoni. Alhaji alimcheka, akisema yeye ni Mmaranao, wa kabila la Waislamu wa pale, na Ufilipino ni jina la mfalme wa Kihispania ambaye babu zake hawakumpigia goti hata siku moja. Kisha alinunua mkate, akaenda zake.

Vita vilipoingia mjini, Ramadhani ikiwa mlangoni, ni Alhaji aliyeishusha bendera ile na kuifukia chini ya magunia ya mchele. Akampandisha Felisa juu, kwenye chumba cha mkewe. Wapiganaji wenye bunduki, waliojiita watu wa dini, walipita nyumba hadi nyumba wakiwatafuta Wakristo, na Alhaji akawajibu mlangoni kwamba kwake hayupo hata mmoja.

Felisa hakukalika. Aliketi, akainuka, akasogea dirishani, akarudi na rozari yake ukutani. Ndege za kivita zikipita, dari ilimwaga vumbi. Kifo alikiogopa, lakini kilichomtafuna zaidi ni kwamba watu wawili wangeweza kuuawa kwa ajili yake, naye hana la kufanya ila kunyamaza.

Maji yalipokwisha waliamua kutoka. Omera alimvika baibui na ushungi, akaanza kumfundisha shahada. Felisa akafika nusu, ulimi ukagoma.

"Siwezi, dada. Nikiisema kwa woga tu, nitakuwa nimemdanganya Mungu, wako na wangu."

Alhaji akasonya. "Basi usiseme kitu. Kuanzia leo wewe ni bubu. Na ukipiga chafya, piga Kimaranao."

Kwenye kizuizi cha kwanza, mtu aliyejifunga kitambaa usoni aliuliza yule mwanamke ni nani. Alhaji akasema ni shemeji yake, bubu. Mtu yule akaamuru asome chochote cha dini.

"Unataka bubu akusomee?" Omera alimwuliza. "Mwanangu, wewe dini umefundishwa na nani?"

Yule mtu akatazama chini, akawapisha.

Darajani walikuwepo wanajeshi wa serikali. Felisa alivua ushungi, akawaonyesha rozari, akalia kwa faraja. Wakampa maji. Lakini jina la Alhaji lilifanana na la mtu aliyekuwa akisakwa. Wakamvua shati, wakampigisha magoti juani, mikono kisogoni.

"Wewe pita, mama," askari alimwambia Felisa. "Lori la kwenda Iligan linaondoka."

Felisa alikwenda mpaka kwenye lori, akashika chuma cha kupandia. Mguu haukunyanyuka. Akarudi, akajitanda ushungi tena, akaketi chini kando ya Alhaji.

"Huyu ndiye aliyenificha. Kama ni adui yenu, na mimi niandikeni adui."

"Mama, usinitafutie balaa," askari alisema. " Majina yamefanana."

"Basi ulizeni. Mimi nangoja."

Lori likaondoka, na jingine nyuma yake. Jua lilikuwa limeshalala upande alipokuja mkubwa wao na kusema mzee aachiwe. Hakuna aliyemwomba radhi. Alhaji alivaa shati lake, wakapanda lori la usiku, naye njia nzima akakaa akiwapa mgongo.

Mjini Iligan, Felisa alifikia kwa dada yake, lakini hakupata utulivu. Jumapili kanisani watu waliwaombea askari na taifa, naye akaomba nao. Ila kila padri aliposema "sisi", Felisa aligeuza shingo kutazama mabenchi, kama mtu aliyepoteza ndugu sokoni. Alitoka kabla ya baraka, akaoka mikate, akaipeleka kwenye shule walikohifadhiwa waliokimbia vita, Alhaji na Omera wakiwemo.

Alhaji alikuwa amekaa mkekani, uso ukutani. Hakumwangalia mpaka alipomega mkate ule kufuturu.

"Lile lori, mbona hukulipanda?"

"Sijui, Alhaji. Nilijaribu."

"Wangeweza kukufunga."

"Na nyie mngeweza kuuawa."

Alhaji alimega kipande kingine. Kisha akamwambia kwamba mtaa wao umepigwa mabomu, na nyumba huenda haipo tena. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayenunua mkate.  Omera akasogea, akampisha Felisa mkekani, nao wakakaa watatu, masikio yakiwa upande wa milimani, kwao Marawi, mizinga ilikokuwa ikinguruma bado.