Kalasinga wa Machakos

Uongo wenyewe hakuusema yeye. Hilo Yohane Mutiso alilishikilia tangu Jumatatu, na ukimuuliza hata leo atakwambia vilevile: mimi sikufungua mdomo. Alikuwa amekwenda kwenye ubalozi mdogo wa nchi moja ya Ulaya, huko Guangzhou, China, alikokuwa akisoma, kuomba viza ya kumfuata mkewe. Kijana wa dirishani akaitazama picha yake, akamtazama mwenyewe, akakikazia macho kile kilemba cheupe kilichopigwa pasi na kufungwa kikakazana, kisha akauliza, "Wewe ni Kalasinga?" Kabla Mutiso hajajua aseme nini, kijana akajijibu: "Basi sawa. Makalasinga wanaruhusiwa kupiga picha na kilemba. Njoo Alhamisi kwa mahojiano." Akamwita anayefuata.

Jamani, Mutiso ni Mkamba wa Machakos. Kilemba chake ni cha Wakorino, Wakristo wale wa Kenya wanaovua viatu mlangoni mwa kanisa na kumwimbia Mungu kwa ngoma, na ambao mtu akishafungwa kilemba na wazee wake hafungui kichwa mbele za watu. Mutiso alifungwa chake akiwa kijana wa sekondari. Lucas, Mtanzania aliyelala naye chumba kimoja chuoni muda wote wa masomo, alikuwa hajui nywele zake zikoje. Wachina wa sokoni walimwita Mhindi, naye alishazoea. Lakini kuitwa Mhindi na mwuza machungwa ni jambo moja, na kuandikwa Kalasinga na serikali ni jingine kabisa.

Alichukua shida yake akaipeleka kwa Protas. Huyu Protas alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu wa kusafirisha mizigo, mwenye kijiofisi katika jengo la Tianxiu pale Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, kimejaa marobota ya jinzi kutoka viwanda vya Xintang hadi mlango haufunguki vizuri. Mkatoliki wa kusali Jumapili na kusahau Jumatatu, lakini moyo wake mwema. Alipoisikia habari alicheka mpaka akakalia robota.

"Kalasinga Mkamba," alisema akijifuta machozi. "Toka nizaliwe sijamwona."

"Usicheke, Protas. Nifanye nini?"

"Ufanye nini tena? Ulisema uongo? Hukusema. Mtu kakukosea jina, ukanyamaza kwa adabu. Alhamisi endelea na adabu hiyo hiyo."

"Hiyo si adabu. Hiyo ni kuikana imani yangu."

"Nani kakwambia uikane? Wewe ukae kimya tu, basi."

Mutiso akauliza iweje Kalasinga awe na haki ya kufunika kichwa na yeye asiwe nayo. Protas akamjibu kwamba Kalasinga wanamjua. "Wewe nani anakujua? Hata mimi siku ya kwanza nilidhani umepasuka kichwa ukafungwa bendeji."

Kisha Protas akaacha mzaha, kwa sababu alijua jambo lenyewe lilivyokuwa zito. Mumbua, mke wa Mutiso, alikuwa Ulaya mwaka wa pili sasa. Aliondoka Kenya na mimba changa akajifungulia huko, na Mutiso alikuwa hajamtia mtoto wake machoni. Ndinda alikuwa ameshaanza kutembea na baba yake anamjua kwa picha. Ufadhili wa masomo ulikwisha mwezi huo wa Julai 1998, na kibali cha kukaa China kilikwisha nao. Viza isipotoka sasa, Mutiso angerudi Nairobi kuanza upya mwisho wa foleni, na foleni ya Nairobi watu wanaizeekea.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Protas akasema. "Inama kidogo tu, umpakate mwanao. Ukishafika huko, funga kilemba mpaka kigonge dari."

"Sasa mbona Mumbua hakuinama?" Mutiso akasema. "Ile ni nchi ya uhuru. Anafundisha watoto wa chekechea huko huko, amevaa chake, hakuna aliyemgusa. Kama yeye mwanamke peke yake ugenini amesimama imara, mimi nijifiche nyuma ya dini ya mtu?"

Protas akamtazama sana. "Akili ni nywele, ndugu yangu," akasema, "na zako umezibana mno."

Alhamisi asubuhi Mutiso aliamka mapema. Hakula. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ubalozini, akimwomba Mungu jambo moja tu: wasimuulize. Wasipouliza hatakuwa amesema uongo. Ndivyo tulivyo sisi binadamu, tunamwomba Mungu atusaidie kumkwepa.

Aliyemhoji alikuwa mama mtu mzima, mpole, miwani imening'inia kifuani. Akauliza habari za chuo, za ndoa, za kazi ya Mumbua. Mutiso akajibu zote.

"Na mtoto umeshamwona?"

"Kwa picha, mama."

Yule mama akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli. "Basi utamwona. Kila kitu kiko sawa." Akavaa miwani, akachukua kalamu. Mutiso akaiona ile kalamu ikishuka kuelekea kwenye karatasi, akahisi kifua kinafunguka.

"Niliwahi kuishi Nairobi," mama akasema huku ameinama. "Nilikuwa na majirani Makalasinga, watu wazuri sana. Lakini wote walikuwa na asili ya India. Sikujua kuna na Waafrika. Kwenu ilianzaje?"

Aliuliza kwa kutaka kujua tu, bila mtego. Na hapo ndipo pabaya, kwa maana mtego mtu anaukwepa bila aibu, lakini mtu akikuuliza kwa wema utamdanganyaje? Mutiso angeweza kucheka kidogo akasema ni habari ndefu. Angeweza kusema hata yeye hajui vizuri. Akilini alimwona Ndinda, akamwona Protas kwenye robota lake akimwambia nyamaza.

"Mama," akasema, "mimi si Kalasinga."

Kalamu ikasimama.

Akaeleza yote: kijana alivyouliza na kujijibu, Wakorino ni nani, kilemba ni nini. Mama akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akavua miwani akasema kwamba kanuni inaruhusu vazi la kichwa pichani kwa dini zinazojulikana kuwa na amri hiyo. Wanawake wa Kiislamu, Makalasinga, masista. "Hiyo yenu siijui, na haimo kwenye kanuni."

"Nani aliiandika hiyo kanuni?"

"Wizara. Si mimi."

"Kwa hiyo uhuru wa kuabudu kwenu ni wa wale waliotangulia kufika?"

Uso wa yule mama ukawa mwekundu. "Nchi yetu ni huru, Bwana Mutiso. Ukifika utatembea barabarani na kilemba chako na hakuna atakayekuuliza. Hii ni picha. Ni dakika moja."

"Kama ni jambo la dakika moja, mama, niruhusu wewe."

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamekasirika, na wote wawili walikuwa na haya kwa kukasirika. Mwishowe mama akasema kwa sauti ya chini, "Leta picha ya kichwa wazi kesho kabla ya saa sita. Nitalishika faili lako hadi hapo. Zaidi ya hapo siwezi kukusaidia."

"Sitaleta," Mutiso akasema, akasimama.

Alitoka kifua mbele. Nisimsingizie, alikuwa na furaha; ile furaha ya mtu aliyejiogopa kisha akajikuta si mwoga. Alitembea hadi Xiaobei akiimba kimoyomoyo. Protas alipoyasikia hakucheka safari hii.

"Kusema ukweli sawa, ulikushinda kuumeza. Lakini huyo mama kakupa hadi kesho, nawe umemjibu hutaleta?"

"Nimemjibu hivyo."

"Basi shuka chini ukampigie mkeo umwambie mwenyewe. Ukimaliza usirudi hapa leo, maana nitakutukana na sitaki."

Duka la simu lilikuwa chini ya jengo, vibanda vya vioo vimepangwa ukutani, na mwenye duka akila wali nyuma ya kaunta. Huku ilikuwa saa saba mchana, kule saa moja asubuhi. Mumbua alipokea upesi, na nyuma yake Mutiso akasikia kijiko kikigongwa mezani. Huyo ni Ndinda, akawaza, na moyo ukamruka.

Akamsimulia mkewe kila kitu, tena kwa madaha, swali lile na jibu lile. Akangoja aambiwe Bwana asifiwe. Kikasikika kijiko tu.

"Kwa hiyo huji, Baba Ndinda," Mumbua akasema.

"Nitakuja kwa njia nyingine. Mungu atafungua."

"Lakini ni picha tu."

"Si picha tu, Mama Ndinda. Leo ni picha, kesho watataka nini? Wewe mwenyewe si umesimama huko..."

"Mimi nilivua."

Mutiso alielewa, lakini akauliza. "Ulivua nini?"

"Kilemba. Tangu mwaka jana, nilipoanza kazi. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanikaribisha chai. Akaniambia hii ni shule ya serikali, watoto ni wa dini zote, kwa hiyo hakuna mwalimu anayevaa dini yake darasani. Alisema ni kwa ajili ya uhuru wa watoto. Akanipa wiki nzima ya kufikiri, mwanamke mstaarabu kabisa. Nikavua pale pale, chai haijapoa. Bila ile kazi nisingepata karatasi za kukuita."

"Na picha ulizonitumia?"

"Za Jumapili."

Hasira ikampanda Mutiso hadi macho yakamwuma. Mwaka mzima alikuwa akimsifu huyu mwanamke kwa kila mtu, akimtaja katika sala kama mfano. "Umenidanganya mwaka mzima," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

Angemkataza, bila shaka yoyote. Angemrekodia kaseti nzima ya mahubiri akamtumia, naye Mumbua angekaa peke yake huko kwenye baridi akiisikiliza.

"Yule mwalimu mkuu aliniambia vua," Mumbua akaendelea, bado kwa sauti ile ya utulivu. "Wewe ungeniambia usivue. Na kichwa ni changu, Baba Ndinda. Hakuna aliyekiuliza."

Mutiso akaegemea kioo. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa hakujua aielekeze wapi. Mwenye duka aliinua macho kutoka kwenye wali, akayarudisha.

"Haya, nakuuliza mimi," Mutiso akasema. "Ulitaka nini?"

Kijiko kiliacha kugongwa.

"Nilitaka kukivaa," Mumbua akasema, na hapo sauti ikamkatika. "Siku ile nilijiona niko uchi. Niliingia chooni nikalia, nikanawa, nikatoka nikaimba na watoto. Mpaka leo nakivulia kituo cha basi asubuhi, na jioni nikishuka nakifunga tena kabla sijavuka barabara. Sijawahi kuacha kukitaka hata siku moja. Ila nilikutaka wewe zaidi."

Mutiso alisikia jinsi alivyokuwa akipumua. "Basi kesho nitapeleka hiyo picha," akasema.

"Usivue kwa ajili yangu. Mimi sikuvuliwa na mtu, nilivua mwenyewe, na uchungu wake naujua mwenyewe. Ukibaki nacho nitakuheshimu, na Ndinda nitamwambia baba yake ni mtu wa msimamo. Lakini usiniambie tena kwamba ni Mungu aliyekuzuia kuja. Sema ni wewe." "Saa ya basi langu imefika. Kaa salama."

Simu ikakatwa. Mutiso alibaki ameishika mpaka mwenye duka akagonga kioo, kwa kuwa kulikuwa na mtu anasubiri.

Studio ya picha ilikuwa mlango wa pili kutoka pale. Alisimama nje yake muda mrefu, watu wakimpita na mikoba na marobota, hadi mpiga picha mwenyewe akatoka kumwuliza kwa ishara kama anaingia au haingii. Akaingia. Alipoelekezwa kiti alikaa, akainua mikono miwili, akaanza kukifungua, mzunguko baada ya mzunguko, bila kuharakisha, kama wazee walivyomfunga. Hakuna aliyemlazimisha. Alijaribu kutafuta wa kumlaumu, akamkosa. Akakikunja akakipakata mapajani, na upepo wa feni ukampiga kichwani mahali ambapo haukuwahi kumpiga mbele ya mtu tangu alipofungwa.

Mpiga picha akamwonyesha kwa kidole atazame mbele. Picha ya kwanza iliharibika kwa machozi. Wakapiga nyingine.