Mlango wa Bi Randa

Naapa kwa meno niliyobakiwa nayo, na kwa kuwa ni machache siapi ovyo: haya yote ni kweli tupu. Bi Randa alikuwa juu ya ngazi, skrubu tatu mdomoni, Mwalimu Mkuu alipoingia ukumbini na kumwamuru abomoe nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mchezo wa kuigiza wa shule, kuta tatu na upande mmoja wazi kwa watazamaji. Bi Randa, fundi wa madawati kwa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyepewa kazi ya kuijenga. Kupewa ni neno la heshima, aliambiwa, "Okoteza mbao huko stoo." Akaokoteza. Akabandua mifuniko ya madawati yaliyokufa, akaipiga randa, akaiunga kwa gundi na skrubu mia tatu, wiki tano nzima, yeye na wasichana sita aliowafundisha kushika bisibisi. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitu vya kukaliwa. Hiki kilikuwa cha kwanza cha kutazamwa, na muhula ule ulikuwa wa mwisho kabla hajastaafu.

Mlango ndio uliomtoa jasho. Kwanza aliupachika kama milango yote duniani, ufunguke kwa ndani. Kumbe ukifunguka unammeza mwigizaji, watu wanabaki kutazama ubao. Akaung'oa, akahamisha bawaba, ukafunguka kwa nje.

"Nyumba ya kulala na nyumba ya kutazamwa ni mapacha wasiofanana," aliwaambia wasichana.

Sasa Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama chini ya ngazi. "Kesho makochi ya mgeni rasmi yanakaa hapo katikati. Kuta hizi zitamziba."

Bi Randa akatema skrubu kiganjani. "Na watoto waigize wapi?"

"Chini, mbele ya jukwaa. Mlango wauonyeshe kwa mikono tu."

"Mwalimu, mchezo ni wa mjane anayewakatalia shemeji zake wasiingie kugawana vyombo vya marehemu. Mlango usipokuwepo, anakataa nini? Upepo?"

"Bibi, usinifundishe kazi."

"Sikufundishi. Nyundo ile pale. Mkono wangu umesomea kujenga, darasa la kubomoa haukufika."

Wasichana wakainama kuficha meno. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya watoto. Akavua koti la suti, akaishika nyundo karibu na kichwa chake kama anayeshika kijiko cha uji, akapiga. Ukuta ukaguna. Akapiga tena, nyundo ikadunda, ikampita sikioni. Ukuta ukabaki wima kama shahidi aliyekataa hongo.

"Haina msumari hata mmoja," Bi Randa alisema kwa upole. "Unatafuta cha kung'oa, hakuna."

"Basi makochi yaingie humo humo ndani, mgeni akae. Na wewe kesho nisikuone ukumbini."

Kesho yake akaonekana, tena kavaa gauni lake la harusi za watu, bisibisi mkobani. Msichana aliyeigiza mjane, wakimwita Kidomo, alikuwa akiyakodolea macho makochi mekundu mawili.

"Bibi, haya yamefuata nini humu?"

"Vyombo vya marehemu hivyo. Kaa, uvionee uchungu."

"Na nianze saa ngapi?"

"Saa achana nayo. Mlango ukigongwa, anza." Akasukuma komeo kwa mkono wake, akajibanza nyuma ya ukuta.

Ngazi ya kupandia jukwaani ilikuwa moja tu, na iliishia mlangoni, ubavuni mwa nyumba. Wazazi mia nne walikuwa wamekaa, pazia liko wazi, mgeni rasmi akafika, mama mmoja mkubwa wa mambo ya elimu. Mwalimu Mkuu akatangulia kumfungulia. Akavuta kishikio. Akavuta hadi mishipa ya shingo ikasimama. Yule mama akamsogeza kando na kugonga, kama mtu aliyelelewa.

"Hodi."

"Nani?" mjane aliuliza kutoka ndani.

"Mgeni rasmi."

Hilo halikuwemo katika maneno aliyokariri Kidomo. Lakini mjane ni mjane. "Hata waliokuja jana walisema ni wageni," akajibu, sauti ikitetemeka. "Wameondoka na kitanda. Rudini mlikotoka, mlango huu una mwenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Mkuu akaanza kuugonga mlango kwa ngumi, "Fungua, mtoto wewe," na watu wakamshangilia, wakidhani ndiye shemeji. Kila ngumi ilipotua, Bi Randa aliuegemeza mgongo wake ukutani na kusikia mbao zikijibu. Hazikulegea. Mgeni rasmi akashuka ngazi taratibu, akajibana kwenye benchi la mbele katikati ya wazazi. "Endeleeni," akasema. Mchezo ukaendelea mpaka mwisho, na hakuna shemeji aliyeingia.

Makofi yalipokwisha, Mwalimu Mkuu alipiga magoti mbele ya Bi Randa, machozi njia mbili mbili, akaomba radhi, na…

"Alipiga nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika kuisoma hadithi hii kwa sauti, na aliyeuliza ni Bi Randa mwenyewe, dada wa mke wangu, kibarazani kwake.

"Magoti," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Shemeji, yule mtu alinipa barua ya onyo, tena hadharani. Niliikunja mara nne nikaipachika nyuma ya bawaba ya chini, maana mlango ulikuwa unakwaruza sakafu. Haukwaruzi tena."

"Na zile skrubu mia tatu?"

"Themanini. Na wazazi hawakufika mia."

"Lakini nyumba bado imesimama?"

"Nani wa kuibomoa?"

Akaendelea kuhesabu chumvi yangu kwa vidole mpaka vidole vikaisha. Kisha akaniwekea mapajani ubao wa meza, mkavu, wenye miiba, na kipande cha msasa juu yake. Nikasugua mpaka vumbi likaingia kwenye kahawa yangu.

Akaja, akafumba macho, akaupitishia ubao kiganja polepole, kama anayempapasa mtoto aliyelala.

"Bado," akasema.