Ngao ya Trebbenow

Katika kanisa langu, juu ya viti vya ukoo wa von Trebbenow, palitundikwa ngao ya mwaloni iliyochorwa korongo mmoja. Mwanamume wa mwisho wa ukoo akifa, ngao huvunjwa na kuzikwa naye. Baroni Achaz von Trebbenow, kanali mstaafu, aliijua desturi hiyo vizuri. Tangu mwanawe pekee, Luteni Joachim, auawe vitani karibu na Metz Agosti 1870, hakuinua tena macho kanisani.

Vuli ya 1874 moyo wake ulianza kushindwa, akaniita mimi, mchungaji wake. Aliuliza kama mfalme anaweza kumpa mtoto wa nje ya ndoa jina la baba yake. Nilimjibu kwamba inawezekana, ikithibitishwa kuwa wazazi walikusudia kuoana.

Uthibitisho ulikuwa kwenye makabati ya kikosi cha Joachim. Ofisa haoi bila ruhusa ya mkuu wake, na Joachim aliomba ruhusa ya kumwoa Dörte Kalies, binti wa mwenye kinu cha nafaka. Mkuu alimwandikia Baroni kuuliza habari za familia ile. Baroni akajibu, kwa neno lake la heshima, kwamba mzee Kalies alichezea mizani. Haikuwa kweli. Ruhusa ilikataliwa mwezi Juni 1870. Novemba nilimbatiza mtoto wa kiume wa Dörte, na mahali pa baba sikuandika kitu. Habari za mizani zilifika kijijini. Wakulima wakapeleka nafaka kwingine, na Kalies akafa kinu chake kimesimama.

Ili mfalme akubali, sasa ilimpasa Baroni aikane barua yake. Katika ujana wake aliwahi kumpiga ofisa mwenzake risasi ya goti kwa sababu mwenzake huyo alimwita mwongo. Ilimchukua wiki tatu kuandika mistari sita.

Tulikwenda pamoja kwenye karakana ya Wilke, seremala aliyemwoa Dörte na kumwandikisha mtoto kwa jina lake. Krischan, mtumishi wa Baroni tangu jeshini, alimtaka amwegemee wakati wa kushuka kwenye gari la farasi. Baroni alimkumbusha ni nani aliyembeba mwenzake kwenye vita vya Königgrätz. Krischan akakubali, akaongeza kwamba siku ile Baroni alimwangusha mara mbili.

Dörte aliisoma karatasi amesimama kati ya maranda ya mbao.

“Kumbe mizani ya baba ilikuwa sawa,” alisema. “Imenyooka lini, Bwana Baroni? Leo asubuhi?”

“Ilikuwa sawa siku zote.”

“Sisi tulijua.”

Baroni alieleza kwamba mtoto ataitwa von Trebbenow, na kwamba shamba na nyumba vitakuwa vyake. Wilke aliacha kupiga randa.

“Ana jina,” Dörte alisema. “Anaitwa Wilke. Alipewa na mtu ambaye hakumwandikia yeyote kuuliza sisi ni watu gani.” Akamrudishia karatasi. “Mfalme hakuwa mteja wa baba yangu. Isome kanisani. Wateja wake wako pale.”

Nilidhani Baroni atakasirika. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akamwinamia kidogo kama maofisa wanavyowainamia wake wa wenzao.

Jumapili, kabla ya mahubiri, alisimama chini ya ngao akasoma mistari yote sita, kwa sauti ya kusoma amri za siku jeshini. Kisha akaketi. Habari ya mtoto hakuitaja tena, na ombi kwa mfalme halikupelekwa.

Alifariki Februari. Makaburini Krischan aliipiga ngao shoka mara tatu. Mwaloni ulikuwa mkavu, shoka likadunda. Alikuwa analia na haoni vizuri. Wilke, aliyeleta jeneza, alimwomba ampishe. Akaiweka ngao juu ya goti lake, akaikata kwa msumeno kufuata nyuzi za mbao, taratibu, akaviweka vipande viwili juu ya jeneza.

Dörte alikuwapo. Alimwacha mtoto nyumbani, kwa sababu ya baridi.

Kwenye kitabu cha vifo niliandika: wa mwisho wa ukoo wake. Kisheria ni sahihi.