Kidole Gumba cha Mama Mkwe

"Usinifunge kama kuku wa sokoni," mama mkwe alisema, nami nikailegeza bendeji.

Tulikuwa nyuma ya jukwaa, katika chumba chenye kioo kilichopasuka na viti vya plastiki vilivyopandana ukutani. Mkono wake wa kushoto ulilala juu ya pedi ya gemu niliyoigandisha kwenye kibao, kidole gumba kikiwa juu ya kile kijiti ambacho watoto hukitumia kukimbizia magari kwenye skrini. Nyuma ya pazia mpiga ngoma alikuwa akijaribu ngoma zake, na ukumbi ulishaanza kujaa. Bendi haikujua alichoniambia asubuhi ile: akishindwa leo, kinanda hatakigusa tena.

Kabla ya kiharusi alikuwa akipiga muziki kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukichezea gurudumu dogo pembeni mwa vitufe, sauti ikipanda, ikishuka, ikitikisika. "Watu huuita huu mkono wa kulia," alizoea kuwatania wapenzi wa bendi, "lakini unaolia ni wa kushoto." Kisha maradhi yakamwangusha. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka. Mkono ule ukabaki umelala, isipokuwa kidole gumba, nacho kilikuwa kikitetemeka mchana kutwa.

Alihamia kwetu. Mimi na yeye tuliishi kwa heshima, yaani bila kuzungumza. Shikamoo, marahaba, chakula tayari, ahsante. Mume wangu alifurahia amani hiyo. Mimi ilinichosha kuliko ugomvi.

Siku moja nikiwa nafua nilimsikia akipiga kinanda kwa mkono mmoja. Alifika mahali fulani katika wimbo, pale mkono wa kushoto ulipotakiwa kuingia, akasimama. Akaanza tena, akasimama palepale. Mara ya tatu niliacha nguo kwenye beseni. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na pedi ya gemu ya mwanangu ilikuwa kabatini.

"Samahani, mama. Naomba kidole gumba chako."

"Ukipeleke wapi?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kijiti kile kikisukumwa hutuma namba kwenye kompyuta. Kinanda hakizielewi namba hizo. Kinangoja amri zake chenyewe, za lugha ya vyombo iitwayo MIDI. Amri ya kumi na moja hukuza na kupunguza sauti, ya kwanza huitikisa, na kila moja huja na kipimo chake, kuanzia sifuri hadi mia na ishirini na saba. Kazi yangu ingekuwa ukalimani tu: kidole kikisema hivi, kinanda kisikie vile.

"Na kidole chenyewe kikiwa na kigugumizi?" aliuliza.

Hilo ndilo lililotusumbua. Kidole kilitetemeka, namba zikarukaruka, na sauti ikatoka kama mbuzi aliyelowa mvua. Nikaandika programu ya kuulainisha mtetemo. Nilipomaliza, sauti ilipanda taratibu, ikashuka taratibu, haina hata kikwaruzo. Alipiga wimbo mzima bila kusimama. Mume wangu akapiga makofi. Mimi nilijiona fundi wa mafundi.

Mama mkwe aliutoa mkono wake kwenye kibao. "Nani huyo anayepiga?"

"Ni wewe, mama."

"Si mimi. Huyo hajawahi kuugua. Hajawahi hata kufiwa."

Nilikwenda kuosha vyombo, na nadhani majirani wote walijua kwamba ninaosha vyombo. Muda si muda nikasikia kiganja kikipapasa ukuta wa sebuleni. Hakuwahi kunifuata jikoni.

"Mke wa mwanangu," alisema akiwa mlangoni, akihema. "Kuniponya, madaktari wameshindwa, sembuse wewe na waya zako. Mimi nataka uniunganishe tu, hivi nilivyo."

Nilikausha mikono, tukarudi kwenye kompyuta pamoja.

Safari hii sikuutupa mtetemo. Niliutenga. Mwendo wa polepole wa kidole niliupeleka kwenye amri ya kumi na moja, ukuze sauti. Ule mtetemeko wa haraka nikaupeleka kwenye amri ya kwanza. Kidole kilipotikisika, noti nayo ilitikisika, lakini ndani ya wimbo. Alifumba macho akasikiliza. "Ongeza kidogo," alisema. Kisha: "Hapo. Hapo usiguse."

Basi alasiri ile ya onyesho pazia likafunguliwa. Mimi nilikaa pembeni na kompyuta, ambako nilikuwa nimeacha kitufe cha kuupunguza mtetemo, kwa dharura. Nyimbo za mwanzo zilikwenda salama. Katika wimbo wa mwisho kidole kilichoka. Niliziona namba zikipaa kwenye skrini, nikaisikia sauti ikianza kuyumba, nikapeleka mkono kwenye kitufe.

Mama mkwe alinitazama. Akatikisa kichwa, mara moja tu.

Nikauondoa mkono.

Noti ilitetemeka mpaka nikadhani itakatika. Mpiga besi alinyamaza, kisha mpiga ngoma, si kwa kupatana, nadhani walishindwa tu kuendelea. Mama mkwe akabaki nayo peke yake, akaishikilia, mpaka kidole kikateleza chenyewe. Ukumbi ulichelewa kupiga makofi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alimwambia jirani yake kwamba kinanda kimeharibika. Mkewe akamkanyaga mguu.

Tulipofika nyumbani hakwenda chumbani kwake. Aliburuta kiti hadi jikoni, akaketi karibu yangu nikikata vitunguu, akaanza kuwasema wenzake mmoja mmoja, kama mtu anayejua atapiga nao tena: mpiga besi amevaa viatu vya marehemu, mpiga ngoma ana haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni, na mwimbaji maneno yote ameyasahau, ila tabasamu. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Aliponiuliza kulikoni, nikavisingizia vitunguu.